Mbuzi ya Nazi Ndani ya Kabati la Kioo

Kingsbury, London
4 Machi 2007

Bharti mwanangu,

Nimekuficha jambo tangu ulipokuwa na miaka tisa. Nyumba yenu ya Zanzibar haikuungua.

Juzi kwenye simu ulisema umeiona mbuzi ya mama yako huko Marekani, imewekwa ndani ya kabati la kioo kwenye makumbusho, nami nikakujibu kwamba sikusikii. Nilikusikia. Masikio yangu ni mabovu kweli, lakini jina la mama yako Champa nililisikia vizuri kuliko kitu chochote nilichosikia mwaka huu. Simu haikukatika, niliikata mimi.

Ulikuwa unauliza: "Mjomba, kama kila kitu kiliungua, mbuzi imefikaje Ohio?" Swali la haki. Jibu ni kwamba nilimpa mimi Mmarekani mmoja, Bwana Dunning, aliyekuwa fundi kwenye kituo chao cha mitambo ya anga na akija kwangu kusoma Kiswahili. Wiki ile ya Mapinduzi Wamarekani walikuwa wanaondoka upesi upesi. Alikuja kuniaga, nikampa.

Zaidi ya hapo nipe muda. Mkono wangu unachoka upesi na daktari amenieleza, kwa adabu ya Kiingereza, kwamba nisipange mambo ya kiangazi. Simu siiwezi tena. Niandikie kwa Kiswahili, na uniambie kila kitu: hayo makumbusho yakoje, mbuzi wameiweka wapi, wameiandikia nini.

Mimi mjomba wako,
Zulfikar


Alder Falls, Ohio
15 Machi 2007

Mjomba Zulfi,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nimesimama mlangoni na koti mwilini. Sijui nikasirike au nifurahi. Nyumba haikuungua! Miaka yote hii nikiona moto hata wa kuchoma majani napita upande wa pili wa barabara. Lakini umesema nikupe muda, nami nakupa.

Basi sikiliza. Makumbusho yenyewe ni kituo cha zamani cha zimamoto, karibu na duka la dawa ninapofanyia kazi. Miaka kumi na minane napita pale na sijapata kuingia. Jumamosi ile theluji ilituzuia kwenda mbali, Vijay akasema, "Twende tukaone historia ya wenyeji, tusije tukafa hapa bila kujua tulikuwa wapi." Unamjua mume wangu.

Chini kuna kiti cha daktari wa meno cha kutisha, kofia ya mwanamke wa kwanza kuwa meya, ngoma za bendi ya skuli, na ndama mwenye vichwa viwili aliyejazwa pamba. Vijay alipiga picha na ndama. Juu kuna chumba cha vitu ambavyo watu wa mji walirudi navyo kutoka nchi za mbali. Kipepeo cha mkono cha Kijapani, kofia ya askari wa Kijerumani, na katikati yake, ndani ya kioo, na taa yake peke yake, mbuzi ya nazi.

Wameandika: "Kiti cha mganga wa Kiafrika. Ulimi wa chuma hutumika kufukuza pepo wabaya. Zawadi ya familia ya Dunning."

Tulicheka mpaka tukashikana mabega. Vijay akasema, "Bharti, kumbe kwenu mlikuwa waganga na mjomba wako hakutuambia wakati wa posa!" Akaja bibi mmoja mwenye miwani ya mnyororo, Bi Pruitt, anayejitolea pale. Akatuomba tushushe sauti, eti kitu kile ni kitakatifu. Nikamwambia, "Mama, nimekalia kitakatifu hicho nikikuna nazi tangu nina miaka sita." Hakuelewa. Nikainama kumwonyesha watu wanavyokaa, miguu upande huu na huu, bakuli chini ya ulimi. Nilipoinama ndipo nikaiona alama.

Mjomba, ni alama ya pasi. Mimi ndiye niliyeweka pasi ya mkaa juu ya mbuzi ya mama, nikaisahau, ikaacha umbo lile la jani jeusi, nami nikala kofi ambalo mpaka leo nalisikia. Na mguu wa mbele umefungwa bati la shaba, lile ambalo baba alilikata kwenye birika bovu. Bi Pruitt aliona uso wangu akaenda kuleta funguo bila kuulizwa. Nikaushika ule ulimi. Nikanusa. Inanuka dawa ya kung'arishia sakafu.

Nilimweleza yote. Kwamba ile ilikuwa mbuzi ya mama yangu Champa, kwamba ilizunguka kichochoro kizima kwa sababu kila mtu aliiazima, na nyinyi mlikuwa mkiiazima kuliko wote na kuirudisha inanuka samaki, mama akaisugua kwa jivu akinung'unika kwa Kigujarati ili mkeo asielewe. Kwamba mama hakugusa samaki maisha yake yote. Kwamba alikuwa mtu wa adabu mpaka inachosha: mie nikiingia kwenu mbio, yeye anasimama juani na sufuria ya moto mikononi, hodi ya kwanza, ya pili, ya tatu, na asipoitikiwa anarudi nayo nyumbani.

Kisha nikamweleza habari yako. Kwamba si ndugu wa damu wala wa dini, ni mwalimu Muislamu wa mlango wa pili, na wewe ndiye uliyenifuata Dar kwa shangazi nilikokuwa likizo, ukaniambia wazazi wamekufa usingizini kwa moshi, ukanilea, ukanileta London, ukakaa mahali pa baba siku ya ndoa yangu.

Na sasa nimeelewa kwa nini ulificha. Uliingia, sivyo? Watu wenye silaha wamejaa mtaani, ukaingia nyumbani kwetu kutafuta chochote cha kuniwekea, ukatoka na mbuzi. Halafu hukuweza kuibeba, ukampa Mzungu aitunze. Ni kama wewe kabisa, kufanya jambo kubwa na kulionea haya.

Bi Pruitt alitoa kitambaa akafuta macho. Anataka kubadilisha maandishi.

Wako,
Bharti


Kingsbury, London
26 Machi 2007

Bharti,

Sikuingia nyumbani kwenu. Liondoe hilo kichwani na mwambie Bi Pruitt aliondoe kwake.

Nitakuambia ya wazazi wako, kwa kuwa umri wako sasa ni mkubwa kuliko waliofikia wao. Baba yako alitoka siku ya kwanza kwenda kutazama duka na hakurudi. Mama yako alibaki peke yake. Baadaye walimchukua nyumbani. Hakuna aliyewaona tena, wala hakuna mahali ninapoweza kukuonyesha. Nilisema moto kwa sababu ulikuwa mtoto, na moto hauna sura ya mtu. Sikutaka ukue ukitafuta sura.

Mbuzi niliikuta nje, barazani. Niliiokota tu. Mtu yeyote angeiokota.

Nakuomba jina langu lisiandikwe popote. Waandike kwamba ni mbuzi ya kukunia nazi, waandike jina la Champa, inatosha.

Siku hizi sishuki ngazi. Bwana Njenga, Mkenya anayekuja asubuhi kuniogesha, ananibeba kama mzigo wa nguo na kunisimulia wajukuu wake. Nilikuwa nikisimama mbele ya darasa na watoto arobaini wakinyamaza kwa jicho langu. Leo nasubiri mtu anivue soksi.

Zulfikar


Alder Falls
6 Aprili 2007

Mjomba wangu,

Baada ya barua yako sikwenda kazini. Nililala kitandani na viatu. Vijay alileta chai, ikapoa, akaleta nyingine. Nashukuru umeniambia. Baba ninaweza kumfikiria anatembea kwenda dukani na mwavuli wake. Mama siwezi bado.

Sasa tubishane kidogo, maana wewe ndiye uliyenifundisha. "Niliiokota tu." Uliiokota mtaani, siku ambayo watu walikuwa wanachukuliwa! Hata kuonekana kwenye baraza ya Wahindi ilikuwa hatari. Nilimsomea binti yangu Daksha barua yako. Unajua Kiswahili anakielewa chote na hajibu hata neno moja. Alinijibu kwa Kiingereza chake kwamba mtu anayekataa kusifiwa ndiye anayestahili. Wanawe wawili wanachora picha yako umebeba mbuzi. Umechorwa una ndevu nyekundu, usiniulize kwa nini.

Bi Pruitt ameandika maandishi mapya, nami nimeyatafsiri ili uyaone: "Mbuzi ya kukunia nazi, Zanzibar. Mali ya Bi Champa, aliyepotea mwaka 1964. Iliokolewa na jirani yake, Mwalimu Zulfikar, aliyehatarisha maisha yake ili binti wa Champa asibaki mikono mitupu." Ni kibao cha shaba, si karatasi tena. Kinapelekwa kwa mchongaji mwisho wa mwezi. Tarehe tano Mei watakuwa na keki na meya atasema maneno machache.

Najua utasema hapana. Lakini Mjomba, si kwa ajili yako tena. Mimi nina mama asiye na kaburi. Nimepata kitu kimoja alichokishika, na nimepata mtu mmoja aliyekwenda kukichukua. Kila nikikumbuka siku zile naona watu wengi wabaya na wewe peke yako upande wa pili. Niachie hilo.

Nakuja tarehe ishirini na nane. Nitakaa mpaka mwisho, wowote utakavyokuwa. Nitakuvua soksi mimi.

Swali dogo la Bi Pruitt, ambalo nami linanisumbua. Mama hakuacha mbuzi nje hata siku moja, akisema mbwa watailamba. Kwa nini siku ile iwe barazani?

Binti yako,
Bharti


Kingsbury
11 Aprili 2007

Bharti,

Andikeni mtakavyo. Nimechoka. Kama kibao kinakupa raha, kichongwe.

Mama yako labda aliitoa ili aisugue.

Njoo.

Z.


Kingsbury, London
14 Aprili 2007

Mama Bharti,

Habari ya huko. Ni mimi Njenga, yule wa kumshughulikia mzee. Anwani yako nimeitoa nyuma ya bahasha zako, usinikasirikie.

Mzee hali si nzuri. Chakula anasukuma na kijiko kama mtoto. Lakini si hiyo inanifanya niandike. Juzi alinipa barua yako nipeleke posta, nikapeleka. Kurudi nampata ameketi pembeni ya kitanda, miguu chini, peke yake, na hiyo hawezi! Ananiambia, "Njenga, rudi uichukue." Nikamwambia, mzee, lile sanduku la Waingereza halitapiki, kikiingia kimeingia. Nilidhani atacheka. Alilia. Mimi nimeogesha wazee wengi hapa London na nimeona wengi wakilia, lakini huyu alikuwa analia akiangalia mlango.

Tangu siku hiyo nikifika asubuhi ananiuliza kama nimebisha. Namwambia mzee, niko na funguo, kwa nini nibishe? Ananiambia nibishe tu, halafu yeye anaitikia kwa sauti yote aliyonayo, "Karibu!" Ndipo niingie. Jana alinitoa nje mara mbili ili nibishe tena. Jirani, Mama Lila, alitoka kuuliza kama nimefungiwa nje.

Sasa anaandika nyingine. Anaandika mstari, analala, anaandika mstari. Nimemuahidi nitaituma kwa posta ya haraka na sitaisoma. Ukija, kuja na nguo nzito, huku bado ni baridi.

Ni mimi,
Njenga


Kingsbury, London
17 Aprili 2007

Bharti,

Barua fupi niliyokutumia usiifuate. Mzuie mchongaji. Kama umeshapata hii kabla ya kupanda ndege, isome mpaka mwisho, kisha uamue kama unakuja. Nitakuelewa nikiona mlango haufunguliwi. Njenga yupo, atanitosha.

Baraza nilipoikuta mbuzi ilikuwa ya kwangu.

Mke wangu alikuwa Pemba kwa mama yake. Nilikuwa peke yangu. Asubuhi ya siku ile walipita watu wenye bunduki na mapanga, nyumba hadi nyumba. Mmoja nilimsomesha darasa la tano. Alicheka akaniambia, "Mwalimu, leo skuli imefungwa, sisi ndio tunauliza maswali." Walinionya kwamba nikikutwa nimemficha mtu, nitakwenda naye. Kisha wakaenda kukaa pembeni, pale kwenye bomba la maji, wanaona kichochoro chote.

Baada ya adhuhuri nilisikia mmoja wao akisema kwa sauti ya mzaha, "Mama, leo unapika nini?" Na sauti ya mwanamke ikamjibu, ya furaha kabisa, ya mtu wa nyumbani, "Samaki wa kupaka, baba, mkishiba njaa yenu njooni!" Wakacheka. Niliijua sauti. Nilichungulia kwenye ufa wa dirisha. Alikuwa amevaa buibui la mke wangu, lile alilokuwa amepelekewa ashone upindo. Amejifunika, na amebeba mbuzi kiunoni.

Champa, ambaye harufu tu ya samaki ilimtoa jikoni, alikuwa amekaa nyumbani kwake akafikiria yote hayo: nani asiyetazamwa mara mbili mtaani? Mwanamke wa Kiislamu anayerudisha kitu cha jirani. Alipita mbele yao wote.

Alifika mlangoni kwangu. Akasema, "Hodi."

Nilikuwa nyuma ya mlango.

Akasema tena, kwa nguvu ili wale wasikie, "Hodi, Mwalimu! Nimerudisha mbuzi." Nami nikaelewa, kwa kuwa mbuzi ilikuwa yake. Hakuna siku aliyowahi kuazima chochote kwetu. Alikuwa ananiambia jambo ambalo wale wa bombani wangeliamini na mimi ningelijua kuwa ni uongo.

Nilifungua kinywa. Nataka uliamini hilo, ingawa halina faida kwa mtu. Nilifungua kinywa na ulimi ukalala.

Hodi ya tatu aliisema karibu na mbao, polepole. "Hodi, kaka Zulfi." Miaka yote ya ujirani hakuwahi kuniita kaka wala jina langu. Nilikuwa Mwalimu tu. Alingoja. Nilimsikia akipumua. Kisha akaiweka mbuzi chini taratibu, isigonge, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto, akarudi kwake. Wale wa bombani wakamuuliza, "Hawaitiki?" Akasema, "Hawaitiki, wamelala." Alinifichia hata pale.

Jioni ile walikwenda nyumbani kwenu.

Dunning alipokuja kuniaga, mbuzi ilikuwa bado sebuleni, na nilikuwa nalala jikoni ili nisiione. Akauliza, "Mwalimu, hiki ni nini?" Neno la Kiswahili nilikuwa nimemfundisha mwezi mmoja kabla, na nazi tukakuna pamoja, lakini alikuwa amelisahau. Nilimwambia ni kiti cha mganga, ulimi wake unafukuza pepo wabaya. Akafurahi sana. Basi mlichokicheka wewe na Vijay ni maneno yangu. Wale watu wa Alder Falls wameyatunza kwa uaminifu miaka arobaini na mitatu.

Nilikufuata Dar kwa sababu hii. Nikakulea kwa sababu hii, mwanzoni. Baadaye nilikupenda tu, kama watu wanavyopenda watoto wao, na sababu nikaiacha nyuma, mpaka ulipoinama mbele ya kabati.

Kuna moja limebaki. Kila nilipojihukumu nilijipa udhuru mmoja. Nilijiambia kwamba komeo la mlango wangu lilikuwa zito na la kelele, na kabla sijalivuta wale wangetuona wote wawili. Nimeutumia udhuru huo muda mrefu hata nikawa nalisikia komeo lenyewe likilia. Nimeuandika kwenye barua nilizozichana wiki hii.

Halikuwapo komeo. Asubuhi ile walituamuru tuyang'oe, nyumba zote za kichochoro, ili wao waingie wakitaka, na mama yako alijua, kwa kuwa na la kwake walikuwa wameling'oa. Mlango ulikuwa umeegeshwa tu. Angeusukuma kwa kidole. Alisimama pale, na kila aliyetaka afe yuko nyuma yake, akingoja mimi niseme karibu.

Zulfikar